London wamerudisha "tumikia nyumbani" (kufanyia kazi nyumbani) bila kulipa mishahara, yaya (dada mukubwa) yangu anapoteza masaa na sisi Goma tunasikia. Tufanye nini?

Mwana_Katoyi (Goma), 13 Desemba 2021

Bandugu salama. Naandika juu kichwa kimejaa. Niko na yaya yangu wa kike yuko London, anatumika mu kantini ya jengo moja ya mabiro, pale wanapikia watu wa benki na ma-avoka (wanasheria) chakula cha saa sita. Mushahara hautoki kwa hao watu wa benki, unatoka kwa kampuni ndogo yenye inaleta chakula ndani ya jengo. Sasa Jumatano iliyopita, tarehe 8, waziri mkuu wao Boris Johnson alisimama akasema hii Omicron, aina mupya ya korona, inakimbia sana, kwa hiyo kuanzia Jumatatu, njo leo, kila mwenye anaweza kutumikia nyumbani abakie nyumbani.

Yaya anaonaga zamu zake ku simu, kuko programu, siku yenye uko na kazi inakuwa rangi ya kijani. Alhamisi asubuhi wiki yote ilikuwa kijani. Mchana akafungua tena, imebakia Jumanne peke yake. Hakuna mutu alimupigia, hakuna barua, rangi tu njo iliondoka. Akamuandikia shefu, shefu akajibu "pole, jengo litakuwa tupu, tutaona Januari".

Na safari hii hakuna ile pesa ya leta (serikali) yao. Mwaka wa 2020 alibakia nyumbani na mushahara unaingia, haukuwa wote lakini ulikuwa unaingia, na sisi tulikula. Ile imekwisha mwezi wa kenda.

Kwa wenye hawanijui, sisi tulikuwa Buhene, lava ya Nyiragongo ilipita kwetu usiku wa 22 Mei, nyumba haiko tena. Tangu pale tunapanga Katoyi, garanti ya nyumba alilipa yeye, minervali (pesa ya masomo) ya wadogo wawili analipa yeye, dawa za mama za tansio (presha) ni yeye. Mimi niko natumika nusu nusu, leo kuko kazi kesho hakuna. Noeli inafika na yeye anasema mwezi huu atatuma nusu, mwezi wa kwanza hajui.

Wenye wanajua Uingereza mutuambie, hii sheria itadumu? Serikali yao haiwezi kurudisha ile pesa? Na yeye yuko na haki gani, ao ni vile tu, rangi ikitoka na wewe umetoka?

Mwana_Kadutu_UK (wa Bukavu, niko Manchester)

Pole sana ndugu yangu. Nieleze kidogo maana watu wengi nyumbani wanafikiri huku pesa inatoka ku ukuta.

Ile pesa inaitwa falo. Ilitangazwa Machi 2020, serikali ikamwambia patroni (mwajiri): usimfukuze mtu wako, mwache nyumbani, sisi tunalipa asilimia 80 ya mshahara wake, lakini isipite paundi 2,500 kwa mwezi. Imesaidia ajira milioni 11.7 mpaka ilipofungwa tarehe 30 Septemba mwaka huu. Patroni wa dada yako ndiye alikuwa anaomba na kupitisha, yeye mwenyewe hakuwa anaomba chochote. Sasa dirisha limefungwa, patroni hana mahali pa kuombea hata akiwa na moyo mzuri.

Na kuna kitu watu hawaoni. Mwaka jana serikali ilifunga milango, migahawa ikafungwa kwa amri, kwa hiyo serikali ilikuwa na deni kwao. Safari hii hakuna mlango uliofungwa. Kantini iko wazi, mkahawa uko wazi, jiko linawaka, ila wateja wameambiwa wakae kwao. Wa benki anabaki nyumbani na mshahara wake wote, hapotezi hata peni, tena ameokoa nauli ya treni. Anayepoteza ni yule aliyekuwa anamuuzia kahawa, anayefagia ofisi yake, dereva wa teksi wa jioni. Hao wote hawakutajwa kwenye ile hotuba.

Halafu jueni hiyo amri ni ya England, Scotland na Wales wana serikali zao za mambo ya afya na wanajipangia wenyewe.

Swali moja kwa dada: kontra (mkataba) yake inasemaje? Kama ni kontra ya masaa sifuri, patroni hana lazima ya kumpa saa hata moja, na hapo ni kazi ngumu. Kama karatasi inaandika masaa 30 kwa wiki, hawezi kukata hivyo kwa simu bila kukubaliana naye. Aangalie karatasi leo usiku, asitumie kichwa.

Kambisti_Birere (Goma)

Mimi nitasema yenye wengine wanaogopa. Kila mwaka diaspora iko na sababu. Mara korona, mara Brexit, mara gazi imepanda. Ukienda Facebook wako na makoti mazuri. Mutu mwenye anapoteza siku nne za kazi Ulaya bado anapata kupita mwalimu wa Goma mwezi muzima. Tusilie sana.

Mwana_Katoyi

Mukubwa @Kambisti_Birere, na heshima yote, unajua nyumba ya kupanga kule inalipwa kiasi gani? Chumba kimoja tu, jiko wanatumia watu wane. Koti alinunua mitumba. Ukihesabu pound unahesabu na yenye anakula pale, usihesabu yenye inafika kwa kashiye wa Western Union peke yake.

Nimeuliza kontra. Ni ya masaa sifuri.

Mwana_Kadutu_UK

Nilikuwa naogopa hiyo.

Lushois_wa_Kenya (Lubumbashi)

Bandugu ba Goma, yambo yenu. Mi niko Lubumbashi, komini ya Kenya (mutaa wa huku, si inchi). Mambo ya kutumikia ku nyumba sisi tuliyaona kwa njia ingine kabisa, acha nieleze.

Mwezi wa tatu 2020 guvernere Kyabula alitufunga masaa 48, Lubumbashi na Likasi, juu ya ndege yenye ilitoka Kinshasa na batu benye balizania banagonjwa. Masaa 48 mutu anavumilia, ni bei ya unga ya bukari tu njo ilitukimbiza. Lakini ku mamine ikakuwa ingine. Makampuni ya shaba na kobalti balisema mine haisimame hata siku moja, basi mufanyakazi habakie ku nyumba, abakie ku kazi. Unasikia? Ulaya balifungiwa ku nyumba, sisi balitufungia mu mine.

Niko na mutoto wa baba mudogo alikuwa mule, kampuni sitaje jina. Baliingia bakasema ni siku kidogo, siku zikakuwa miezi. Kulala batu bengi mu chumba kimoja, na ni korona njo balikuwa banakimbia! Bibi yake alikuwa anatoka na taksi anamupelekea nguo safi, anafika ku bariyeri ya kampuni, sentinele anapokea mufuko, anamurudishia wenye chafu, bibi anapanda taksi anarudia bila kumuona bwana. Na mwenye alisema mi siwezi, nataka kutoka, bakamuambia toka, lakini kazi yako hatujue kama utaikuta. Mwezi wa sita mashirika ya haki za batu baliandikia makampuni ya mine barua juu ya mambo ile.

Kwa hiyo mi nikisikia leta moja ililipa asilimia 80 ili mutu alale, na leo ndugu zetu banalia juu imekatwa, mi silaumu, balizoea kitu kizuri na kitu kizuri kikiondoka kinauma. Lakini kwetu haikuanza hata siku moja.

Motari_Ndosho (Goma)

@Lushois umesema kweli tupu. Mimi nakumbuka machi 2020 rais alitangaza hali ya dharura, Rwanda wakafunga mupaka, piti bariyeri, pale pa kuvukia Rwanda, ikanyamaza kabisa, wamama wenye wanavusha nyanya na mafuta kila siku wakabakia wanaangalia ukuta. Wakubwa wa ONG (mashirika ya misaada) wakaingia ku nyumba na laptopu zao. Na mimi nilikuwa nabeba wale wale wakubwa kila asubuhi, Keshero mupaka ku biro, wawili watatu walikuwa abone (wateja wa kila siku) wangu kabisa. Nikabakia na kaske (kofia) mbili na moto (pikipiki) ya mutu, na mwenye moto anadai vershema yake (pesa ya kila siku) kila jioni kama vile hakuna korona, bei ya mafuta ya kadhafi (wauzaji wa barabarani) haikushuka, nilimuambia muzee hakuna wateja akasema moto haijue korona.

Hakuna mutu alikuwa anauliza motari atatumikia nyumbani namna gani. Nibebe nani ku saluni (sebuleni)?

Mwambie yaya wako nampa pole, mimi namuelewa kupita hao watu wa benki.

Laptopu_ya_Keshero (Goma)

Mimi ni mumoja wa hao wa laptopu, acha nijitetee kidogo Motari 😂

Ulifikiri tulikuwa tunakula raha? Shirika lenye nilikuwa natumikia walisema kila mutu kwake, mikutano ku Zoom saa mbili na nusu asubuhi. Sawa. Moto ya Snel (umeme) unajua mwenyewe vile inakuja, ikija usiku saa saba unaamka kuchaji laptopu, kuchaji simu, kupiga pasi palepale. Megabaiti nanunua mimi, hakuna mutu alinirudishia hata franga. Forfe (bando) ya wiki nzima mikutano miwili inaimaliza. Halafu mkubwa yuko Ulaya ananiuliza mbona kamera yako imezimwa kila siku, nikamwambia papa nikifungua kamera sauti inakatika, chagua moja. Na nyuma yangu jirani anatwanga sombe.

Kisha Septemba ya mwaka ule ule wakaleta RAM, malipo ya kuandikisha simu, simu yenye iko na 3G ilikuwa dola 7 kwa mwaka, walikuwa wanakata kidogo kidogo ndani ya yuniti zako bila kukuuliza. Kwa hiyo mutu alikuwa analipa ili atumike.

Kontra yangu iliisha Desemba 2020 haikuongezwa, walisema wafadhili wamepunguza. Kwa hiyo hata wa laptopu tuliondoka, tuliondoka polepole tu.

Mushi_Ibanda (Bukavu)

Niongeze upande wa sheria ya kwetu maana nasoma droit na watu wanachanganya. Kode ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inajua mambo ya kontra kusimamishwa, na nguvu isiyozuilika ni moja ya sababu zake. Kontra ikisimama, hutumiki, na mushahara haulipwi. Unabakia mufanyakazi ku karatasi lakini mfukoni hakuna kitu. Na CNSS yetu (mfuko wa usalama wa jamii) iko na matawi matatu, pensheni, ajali na magonjwa ya kazi, na pesa za familia. Tawi la mutu aliyepoteza kazi halipo. Hiyo ni kwa wenye wanakatwa CNSS, na mu Bukavu ni wangapi? Mutu wa kuuzisha Kadutu, motari, mama wa samaki ku Ndendere, hao kode haiwajui.

Kwa hiyo ukilinganisha, Uingereza wametoka juu wakashuka mupaka kwenye sisi tunaishigi siku zote. Sisemi ni sawa, nasema tu tusishangae yaya anavyolia, ametupwa bila ngazi.

@Mwana_Kadutu, na ugonjwa je? Akishikwa na hiyo Omicron nani analipa?

Mwana_Kadutu_UK

Swali zuri. Kuna pesa ya ugonjwa ya kisheria, mwaka huu wa 2021 ni paundi 96.35 kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. London hiyo ni chakula na nauli basi. Tena uwe unapata kwa wastani paundi 120 kwa wiki kabla ya kuugua, kwa hiyo dada akibaki na Jumanne moja moja kwa wiki kadhaa, anaweza kushuka chini ya hapo na hata hiyo asiipate. Ndiyo maana utakuta watu wanaenda kazini na kikohozi, wananyamaza.

Kuna na msaada mwingine, Universal Credit, huo unategemea karatasi za kukaa. Ikiandikwa kwenye viza yake kwamba haruhusiwi kugusa pesa za umma, asijaribu kabisa, atajiharibia. Kama ana ukaazi wa kudumu aombe leo, malipo ya kwanza yanachukua kama wiki tano, na wakati wa korona walikuwa wameongeza paundi 20 kwa wiki lakini hizo waliziondoa Oktoba, juma lile lile karibu na falo. Yaani walikunja mkeka wote mara moja halafu mvua ikarudi.

Aende Citizens Advice, ni bure, au apigie Acas, wako kwa ajili ya mambo ya kazi tu. Asimpigie mjomba wa kanisani anayejua kila kitu.

Mama Likelemba (Goma)

Watoto wangu, nimesoma yote. Mumezungumza sheria vizuri. Sasa tuongee chakula.

Mwana_Katoyi, mutoto wangu, kwanza uache kumuandikia yaya wako kila siku "umefikia wapi". Mutu akiwa na shida kule na simu inalia kutoka huku, anaenda kukopa. Atakopa kwa watu wabaya atutumie sisi, na sisi tutakula bila kujua. Mimi binti yangu alifanya hivyo, nilijua nyuma ya mwaka.

Kaeni nyumbani muandike. Dawa za mama hazikatwi, zile weka juu kabisa. Nyumba inafuata. Kwa mwenye nyumba, nenda wewe mwenyewe kabla ya mwezi kuisha, usingoje akufuate, mwambie Januari nitakupa nusu na nusu Februari. Mwenye nyumba ukimufuata mbele anasikia, ukimukimbia anakufungia mulango.

Wadogo wako wako mwaka gani? Kama yuko wa primeri, tangu 2019 primeri ya leta ni bure. Najua watasema wako watoto mia mu darasa moja, najua, nawaona. Lakini miezi miwili mitatu hatakufa, anaweza kurudi kwa masista mambo ikikuwa sawa. Mwenye yuko segonderi, nenda uone prefe (mukubwa wa shule), uombe kulipa kwa transhi (kidogo kidogo). Usimutume mutoto na barua, nenda wewe.

Na mu likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa) yetu hapa Virunga kuko nafasi mbili mwezi wa pili. Si za kusaidiwa, ni za kutumika. Mama yako aliuzishaga makala zamani, anaweza kurudi polepole, hapo mbele ya nyumba.

Mwana_Katoyi

Mama asante sana. Mumoja yuko wa ine primeri, mwengine wa pili segonderi. Prefe nitamuona Jumatatu.

Kambisti_Birere

Mama Likelemba njo mutu wa kwanza hapa amesema kitu chenye kinashikika. Na mimi sijakataa kwamba yaya anateseka, nilisema tu tusijenge nyumba juu ya Western Union. Mimi niko pale Birere kila siku, naona watu wanabadilisha dola mia ya Ulaya asubuhi, jioni wanarudi kukopa. Mwezi wa Mei volkano ilipolipuka ni hiyo hiyo, kila mutu simu ku sikio, "nitumie, nitumie". Na zilikuja. Sasa zikikatika?

Mwana_Kadutu_UK, 21 Desemba

Habari mpya. Leo waziri wa fedha, Rishi Sunak, ametoa kitu. Paundi bilioni moja kwa ajili ya migahawa, baa, hoteli na mambo ya starehe. Kila mahali pa biashara panaweza kupata mpaka paundi 6,000, mara moja tu. Lakini angalieni inaenda wapi: inaenda kwa mwenye biashara. Hakuna sharti kwamba arudishe zamu za mtu. Anaweza kulipia kodi ya jengo na umeme na dada yako akabaki na Jumanne yake.

Falo hakuirudisha. Patroni wa dada analisha watu ndani ya ofisi, sasa aulize halmashauri ya pale kama anahesabiwa. Dada amuulize patroni wake bila kuogopa, "umeomba?". Wengine hawaombi kwa uvivu.

Motari_Ndosho

paundi 6,000 kwa patroni. sawa. huku vershema ingali.

Mwana_Katoyi, 22 Desemba

Nimempa ujumbe. Patroni amesema "tunaangalia". Yaya anasema jengo lenye lilikuwa na watu elfu, jana walikula watu wa ulinzi na fundi wa lifti. Walimwambia achukue supu yenye imebakia aende nayo nyumbani, njo bonisi ya Noeli.

Anatafuta kazi ingine. Kuko nyumba za wazee, wanatafuta watu wa jiko sana, lakini tangu tarehe 11 Novemba kule England hauingii kutumika mule bila chanjo mbili. Yeye alipata moja tu, ya pili alikuwa anaogopa juu ya mambo ya WhatsApp.

Mama Likelemba

Aende apate ya pili leo. Sisi huku AstraZeneca ilikuja, tukaiogopa, nyingi zikapelekwa inchi zingine. Yeye iko mbele ya nyumba yake.

Lushois_wa_Kenya

Mama anasema mukali 😅 lakini ni kweli. Kazi ya jiko ya bazee haiendake ku Zoom, muzee lazima akule.

Mwana_Katoyi, 21 Januari 2022

Bandugu bonane. Narudi juu wengine waliniuliza inboksi.

Juzi tarehe 19 Johnson ameondoa ile ya kutumikia nyumbani, palepale, na barakoa na mengine yanaisha tarehe 27. Yaya alifurahi siku moja. Rangi ya kijani imerudi Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Jumatatu na Ijumaa hazikurudi, watu wa benki wamesema wamezoea nyumbani, wanakuja katikati ya wiki tu. Kwa hiyo sheria imeondoka na siku mbili zimeenda nayo. Patroni pesa ya leta aliomba, alipata ao hakupata hakuna mutu wa jiko anajua.

Chanjo ya pili alipata Desemba 27. Amepita intavyu ku nyumba moja ya wazee, jiko, kontra ya masaa 24 kwa wiki yenye imeandikwa. Siyo mingi. Anataka kushika hiyo na abakie na Jumatano ya kantini kama zamu zinaruhusu.

Huku, mudogo wa primeri tumemupeleka ku shule ya leta, wako 87 mu darasa, anakaa wa tatu ku banki ya watu wawili. Prefe alikubali transhi tatu. Mama ameanza makala, gunia moja moja, na mwenye nyumba alilalamika juu ya vumbi lakini analipwa basi ananyamaza.

Mwana_Kadutu_UK

Masaa 24 yaliyoandikwa ni bora kuliko 40 ya kuahidiwa. Akishika hiyo kontra amtumie mtu picha ya ukurasa wa masaa kabla ya kutia sahihi, nitumie mimi inboksi nikuelekeze wapi pa kuangalia. Kuna mahali wanaandikaga "masaa yanaweza kubadilika", kama kapo aulize kabla.

Mwana_Kadutu_UK

Na Jumatano ya kantini aulize kama kontra mpya inamruhusu kazi ya pili, nyingine hazikubali.

Mwana_Katoyi

Kapo. Ukurasa wa pili chini. Nakutumia sasa hivi.